Siku za Nestori

Siku niliyowaita majirani nyumbani kwetu walikuwepo Ma Adelina, mjane aliyepakana nasi upande wa juu. Ta Kahwa, mzee mwenye kibanja cha migomba na kahawa kikubwa kuliko wote kitongojini kwetu Ihanda. Mdogo wangu Philbert, aliyekuwa darasa la saba. Mdogo wetu wa mwisho Odetha, wa darasa la tatu, aliyekaa chini akiegemea miguu yangu. Mimi Editha, dada yao, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Na Nestori, kibarua, ambaye hakuna aliyemwalika. Hao ndio wote. Nawataja kwa majina kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Ma Adelina, na Ta Kahwa alishatangulia, na sasa nikitaka kusimulia yaliyosemwa siku ile sina aliyekuwa mtu mzima wa kunishuhudia ila mmoja, na huyo ndiye niliyemkosea. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Zaidi ya hapo sisemi. Watu wakisikia neno yatima hutikisa kichwa, wakasikitika, wakaacha kusikiliza, na mimi siandiki haya ili nisikitikiwe. Naandika kwa sababu nina hasira, na miaka haijaipunguza.

Wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa nimekimbia katika mashindano ya kata, mita elfu moja na mia tano, peku, nikawaacha wasichana wa sekondari wenye raba zao nusu uwanja. Nilipomaliza, kabla sijapumua vizuri, mwanamume mmoja mwenye suti ya michezo ya bluu alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akawa anahesabu kimyakimya. Nilidhani ana kichaa. Alikuwa Mkufunzi Severini, wa chuo kimoja cha binafsi upande wa Kayanga, ambacho wakati ule kilikuwa kimeanzisha mafunzo ya mwaka mmoja ya ukocha na elimu ya viungo. Aliniambia nikimaliza nitakuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Nikamwambia sina kidato cha nne. "Hilo niachie mimi," alisema. "Wewe njoo. Ada yako ni hiyo miguu." Nikamuuliza, na cheti? "Utapata kama wenzako." Kesho yake nilimfuata kwenye nyumba ya wageni alikofikia nikamuuliza mara ya pili, maana nilishazizoea ahadi za watu wazima, naye akacheka akasema, "Binti, mbona huniamini? Utapata." Nataka ijulikane kwamba niliuliza mara mbili.

Shida ilikuwa kibanja. Migomba na kahawa havivumilii mwaka mzima bila mtu. Majani makavu yasipokatwa, machipukizi yasipopunguzwa, nyasi zisipotandazwa kabla ya kiangazi, unarudi unakuta pori, na sisi chakula chetu chote na madaftari ya wale wawili yalitoka mle. Ndipo nikawaita majirani. Odetha alitandaza nyasi mbichi sakafuni, Ma Adelina akaja na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, tukakaa. Nilipomaliza kueleza, Ta Kahwa alitema ganda, akasema, "Yaani msichana aende kusomea kuruka kamba, sisi tubaki kumlimia?" Philbert akainamisha kichwa. Ma Adelina hakumtazama hata kidogo. "Hiyo kamba serikali inailipia mshahara, Ta Kahwa. Wewe unaruka nini unacholipwa?" Kisha akatugeukia wote, akasema utaratibu wetu, ule ambao hata leo tunaufuata katika kitongoji chetu. Kila mtu ataje siku atakazotoa. Nikimaliza chuo nitarudi na jembe langu, nizirudishe kwa kila mmoja, mwenyewe, nisitume mtu. "Na pesa hapana," alisema. "Anayetaka pesa akatafute kibarua kwingine. Hapa tunasaidiana majirani." Ta Kahwa akaguna, akataja siku moja kila mwezi. Ma Adelina akasema mbili.

Wakati huo Nestori alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani, akimsubiri Ta Kahwa ampe ujira wa siku ile. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa huku, akajenga kibanda pembeni mwa shamba la watu, na kazi yake ilikuwa kuuza siku zake: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mtu alimwita Nestori tu, hata watoto. Kwenye misiba alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, kisha akala nje. Hakuna aliyemfukuza. Ndivyo tu ilivyokuwa, naye alijua mahali pake. Basi tukamsikia pale mlangoni akisema, "Mimi tatu." Ta Kahwa akageuka. "Wewe? Siku zako si za kuuza?" Nestori akajibu, "Hizi siuzi." Ma Adelina akasogea kwenye benchi. "Ingia basi. Unaahidi ukiwa nje kama mpita njia?" Aliliacha jembe nje, akafuta miguu, akaingia, akakaa. Kikapu kilipomfikia alichukua punje mbili tu, akazitafuna kwa muda mrefu. Sasa nikikumbuka naona kwamba ile ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi ndani ya nyumba ya mtu kitongojini kwetu. Wakati ule sikuona chochote. Nilikuwa najumlisha: moja, mbili, na tatu.

Chuo kilikuwa majengo matatu ya matofali ya kuchoma na uwanja uliochongwa kwenye mteremko, kiasi kwamba mpira ukitoka upande wa chini uliufuata hadi kwenye migomba ya watu, ukaomba radhi, ukarudi nao. Tulilala wasichana wanne chumba kimoja. Chumba kilinuka mafuta ya kuchulia misuli na samli, mafuta ni yetu sote, samli ni ya Anitha. Anitha alikuwa binti wa wafugaji kutoka kwenye nyika za Kyerwa, mrefu, mzito wa mbio na mwepesi wa maneno, na kitanda chake kilikuwa karibu na changu. "Ninyi wa migombani," alikuwa akiniambia, "mnakula ndizi asubuhi, ndizi mchana, halafu mnategemea misuli. Misuli inatoka kwa ng'ombe." Nikamuuliza kama ni hao ng'ombe waliomfanya awe wa mwisho kila siku. "Mimi sikimbii, mama. Mimi nafuata ng'ombe, na ng'ombe wetu hawana haraka." Yeye ndiye aliyeniazima madaftari yake yote ya kidato cha tatu na cha nne ya baiolojia, nikayasoma kama mtu mwenye njaa. Nililipenda somo lile kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Nilijifunza kwa nini mguu hutetemeka baada ya mlima, kwa nini anayekimbia huku amebana pumzi huanguka kabla ya mwenye miguu dhaifu kuliko yeye, kwa nini mtoto afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka. Mambo ambayo mwili wangu uliyajua siku zote sasa yalikuwa na majina. Siku ya somo la lishe Mkufunzi Severini alichora sahani ubaoni, akaijaza mayai, maziwa, samaki na papai, tukainakili yote, kisha tukaenda bwaloni tukapewa ugali na maharage ya mchuzi mweupe. Mpishi alipoona tunatazamana alisema, "Mayai yenu yamebaki ubaoni, kayafuateni."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa mapema. Kila lilipofundishwa somo la moyo, mimi ndiye niliyeitwa mbele. Nilipanda na kushuka benchi kwa dakika tano mbele ya darasa zima, kisha wenzangu wakapanga foleni, mmoja mmoja akanishika mkono na kuhesabu mapigo. "Mnaona?" Mkufunzi Severini alikuwa akisema. "Moyo wake unatulia kabla hamjamaliza kuhesabu. Huyu hakufundishwa na mtu. Amezaliwa hivi." Sikuzaliwa hivi. Nilikuwa nimebeba maji kupanda kilima kile tangu nikiwa mtoto, na baadaye mikungu ya ndizi hadi sokoni, na baadaye Odetha mgongoni hadi zahanati, nikikimbia. Hakuna aliyeniuliza. Siku moja nilinyoosha mkono niulize swali, akaniambia, "Wewe shuka kwanza unywe maji." Wenzangu walipoitwa mmoja mmoja kufundisha kipindi cha majaribio, huku mkufunzi akiandika makosa yao, mimi nilipelekwa uwanjani kukimbia mizunguko. Nilidhani naheshimiwa. Hilo nalo linaniudhi, kwamba kwa miezi kadhaa nilitembea chuoni pale nikijiona mtu wa maana.

Nyumbani nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Mara moja nilifika mchana nikamkuta Nestori kibanjani, ameinama, anapalilia kwa ule mwendo wake usiobadilika, jembe na pumzi vikienda pamoja. Nilikuwa na saa ya Anitha mkononi. "Dada Editha," alisema bila kusimama, "wanafundisha nini huko?" Nikamwambia anipe mkono. Akaufuta kwenye suruali kwanza, akanipa. "Unaniuza?" aliuliza, anacheka. Nikamwambia nahesabu moyo. "Unasemaje?" Nikamwambia, unasema umefanya kazi sana, upumzike. Akautoa mkono taratibu. "Huo moyo mwongo. Kwa Ta Kahwa saa hizi huwa nimeshachoka. Hapa bado." Akainama tena. Baadaye Philbert aliniambia kwamba siku zake zilipofika Nestori alikuja kabla ya wengine wote, na mchana alikula nao ndani, na baada ya kula alimwomba Odetha amwonyeshe hesabu za darasani, akazitazama kwa makini kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Anajua kujumlisha kuliko mimi," Odetha alisema. "Ila hajui kuandika." Nilicheka, nikarudi chuoni nikiwa na ndizi zangu begani, moyo mwepesi.

Muhula wa pili ulikuwa umefika katikati. Asubuhi moja nilitumwa kurudisha filimbi na kamba kwenye ofisi ya wakufunzi. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani mkuu wa chuo na Mkufunzi Severini walikuwa wanakunywa chai. Nilikuwa sijafika mlangoni nikamsikia mkuu akiuliza, "Na yule wa Ihanda tunamwandikaje kwenye fomu za mtihani?" Severini akajibu, "Humwandiki. Hana kidato cha nne, fomu itarudishwa." Mkuu akauliza, "Mwenyewe anajua?" Nikasikia kijiko kwenye kikombe. "Anajua anakula bure," Severini alisema. "Mashindano ya vyuo yapite kwanza. Yule ni miguu tu, mzee, tusimvuruge sasa hivi." Kisha akasema, "Nipe hiyo sukari." Nimewahi kuambiwa nisamehe, na padri ameniambia, na Odetha ameniambia, na mengi nimesamehe kweli. Lile la sukari limenishinda. Mtu amalize mwaka wa mwenzake kwa maneno mawili, kisha aombe sukari.

Niliweka filimbi kizingitini nikaenda chumbani. Anitha alikuwa anasuka nywele. Nilipomweleza aliacha kusuka, upande mmoja umesimama, upande mmoja umelala. "Ondoka leo," alisema. "Mimi ningeondoka na magodoro yao." Nikamwambia siwezi. "Kwa nini huwezi?" Nikamwambia, kwa sababu nyumbani watu wanalima. Hakuelewa. "Si wataacha?" Nikamuuliza zile siku zilizokwisha kulimwa zitaachwaje. Ma Adelina na mgongo wake ule alishainama kwenye migomba yangu miezi saba, nirudi nimwambie nini, kwamba nilisikia maneno dirishani nikatoka mbio? Jioni ile nilimfuata Severini uwanjani nikamuuliza mara ya tatu. Hakunitazama usoni. "Nani amekwambia habari za fomu? Tutaona. Wewe kimbia kwanza." Nikabaki. Niliamua kwamba kama cheti hakipo, basi nitachukua kila kitu kingine kilichomo mle. Kila alichofundisha nilikiandika. Wenzangu walipokwenda shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, nilimfuata Anitha kwa miguu, na alipochoka, yaani baada ya dakika kumi, aliniachia filimbi na watoto hamsini. Nilifundisha vipindi vyake karibu vyote. Mkaguzi alimwandikia Anitha alama za juu, naye akaniletea ile karatasi kitandani akasema, "Hizi ni zako, lakini jina ni langu. Nisamehe." Yeye peke yake pale chuoni ndiye aliyewahi kuniomba msamaha.

Na mashindano nilikimbia. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, kwa nini sikugoma, kwa nini sikukimbia pole pole niwaaibishe. Jibu langu halinipendezi mimi mwenyewe. Nilidhani nikiwaletea kombe wataona haya. Nilikulia mahali ambapo mtu akikufanyia kazi mbele ya watu huwezi kulala hujamrudishia. Hata Ta Kahwa, na ubahili wake wote, asingeweza. Sikujua kwamba kuna watu wanaoweza. Nilikimbia, nikashinda, nikabebwa mabegani, na kombe likawekwa juu ya kabati la mkuu wa chuo, nyuma ya kiti chake. Wiki mbili baadaye namba za mtihani zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilisoma orodha ile kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Siku ya mtihani wa kwanza nilikaa kwenye ngazi za ukumbi na kalamu yangu. Anitha alipoingia aligeuka akanitazama, msimamizi akamwambia apite.

Mkuu wa chuo aliniita ofisini siku hiyohiyo. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Umetusaidia sana, binti," alisema, akasukuma bahasha mezani. "Hii ni nauli, na asante kidogo." Nikamuuliza cheti changu kiko wapi. "Cheti hupewa mwanafunzi." Nikamuuliza, mimi nilikuwa nani? Akafikiri, kama vile hajawahi kuulizwa, akasema, "Wewe ulikuwa mgeni wetu." Kombe lilikuwa pale nyuma ya kichwa chake. Ningeweza kuiacha ile bahasha mezani, na katika kichwa changu nimeiacha mara nyingi sana, kila mara na maneno makali zaidi. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto wawili. Niliichukua. Nilisema asante. Nilitembea kutoka pale hadi Ihanda bila kupanda chochote, ingawa nauli nilikuwa nayo.

Ma Adelina nilimkuta akichambua maharage uani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilihisi nikikaa nitalia. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. "Kwa hiyo ulijifunza, au hukujifunza?" aliuliza. Nikamwambia nilijifunza. "Basi siku zetu hazikupotea, waitu, mwanangu. Kaa." Ta Kahwa aliposikia alisema, "Nilisema mimi habari za kamba," lakini alisema kwa sauti ya chini, na asubuhi yake tulikuta mkungu wa ndizi mlangoni, wa mgomba tulioujua. Hayo yote yangetosha kunituliza. Lakini ile bahasha nilikuwa nimeiweka chini ya godoro, na kila nilipolala niliihisi kama jiwe. Sikutaka kuitumia, sikutaka kuwa nayo. Siku ya tatu nilisikia kwamba mke wa Nestori amejifungua na kwamba paa lao linavuja. Nikaona nimepata la kufanya. Niliona hata ni jambo jema.

Nilimkuta mlangoni kwake, anachonga mpini. Mkewe alikuwa ndani na mtoto, anatusikia. Nilimpa bahasha, nikasema, "Nestori, chukua hii. Ni ya siku zako." Aliitazama, hakuifungua. "Ta Kahwa naye umempa?" Nikasema hapana, yeye nitamlimia. "Na Ma Adelina?" Nikasema naye nitamlimia. Aliweka mpini chini. "Mimi tu," alisema. Nikamwambia, "Wewe una shida zaidi." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, kwa huruma, kama mkuu wa chuo alivyosema lake. Ndani mtoto alianza kulia, mkewe akamnyamazisha. Nestori alichukua bahasha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya kwa kila mtu aliyemlipa jioni. "Asante, bosi," alisema.

Nilirudisha siku za Ta Kahwa na za Ma Adelina, moja moja, kwa jembe langu, hadi zikaisha. Katika msiba uliofuata Nestori alichimba kaburi, akanawa, akaenda kula nje. Ma Adelina alitoka akamwita aingie. "Niko sawa hapa," alijibu. Ma Adelina akaja akakaa karibu nami, akauliza, "Umemfanya nini Nestori?" Nikamweleza habari ya bahasha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kuna kitu ulijifunza kule ambacho hukunitajia." Kabla ya mvua Nestori alihamisha watu wake. Tulisikia amepata pori la kufyeka huko Kyerwa. Hakuja kuaga kwetu. Odetha, aliyekuwa akimfundisha kuandika jina lake, alimngojea siku mbili na daftari.

Tangu hapo nimefundisha watoto mbio na michezo kwenye uwanja wa shule ya msingi, bila cheti na bila mshahara, nikila kutoka kwenye migomba ileile. Philbert na Odetha walisoma, hilo nalisema bila majivuno. Fomu zinazohitaji saini ya mwalimu wa michezo huwa nampelekea Anitha, ambaye ni mwalimu kweli na bado hakimbii. Mwaka mmoja msichana wangu alishinda mkoani, na Severini akanipigia simu, sijui namba alipewa na nani. Sauti ilikuwa imezeeka. "Editha, nimesikia yule binti ni wako," alisema. "Unajua wewe ni zao letu." Nikamwambia nina maharage jikoni, nikakata. Mikono ilinitetemeka hadi jioni, na najua ni misuli gani hutetemeka na kwa nini, yeye ndiye aliyenifundisha, na hilo nalo linanikasirisha.

Mwezi uliopita, basi, tulipomzika Ma Adelina, bodaboda ilisimama barabarani akashuka mzee mwenye koti na nywele nyeupe. Watu walimpisha, wakamletea kiti, wakamwingiza ndani. Wengi wa sasa hawajui aliwahi kula wapi. Wanajua tu kwamba ni Mzee Nestori wa Kyerwa, mwenye kahawa nyingi na watoto waliosoma. Baada ya maziko nilisogea karibu naye. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwalimu." Nikamwambia, mzee, nina siku zako. "Siku zipi?" Za mwaka ule, nikasema. Akatikisa kichwa polepole. "Ulinilipa." Nikamwambia sikulipa. "Ulilipa, mama. Mke wangu alinunua mabati. Mpaka leo yapo, yako kwenye banda la mbuzi." Nikamwambia nataka kuja kulima, yeye aniambie lini. Alitazama mikono yangu. "Siku hizi kwangu wanalima vibarua," alisema. "Ukitaka kazi, njoo asubuhi na mapema. Jioni tunalipa." Hakucheka. Wala hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo.

Nimelifikiria hilo mwezi mzima. Kupanga mstari na vibarua wake asubuhi sioni aibu, na mgongo wangu bado unaweza. Ninaloogopa ni jioni, atakaponyoosha mkono na pesa mbele ya wenzangu. Nikizipokea, nimemuuzia siku. Nikizikataa, nitakuwa nimemdharau mara ya pili, na safari hii uani kwake, mbele ya wanawe. Hakuna niliyemuuliza, maana wa kumuuliza alikuwa Ma Adelina. Mvua zimeanza, palizi ya Kyerwa imefika, na mimi bado niko Ihanda, na siku zake zote bado ziko kwangu.